Tuwape Mafundi Msumeno na Mahali pa Kuuweka

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, Morogoro)



Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa vifaa vya kazi. Ningeweza kutaja vifaa vyote, lakini nimeamua kuzungumzia kimoja tu, nacho ni msumeno wa mkono, na hasa mahali unapolala fundi anapomaliza kazi. Naomba mnivumilie, maana jambo hili linaonekana dogo hadi pale linapokugharimu.

Mradi mmoja niliowahi kuusimamia uliwapa vijana waliohitimu useremala seti za vifaa: misumeno, randa, patasi, nyundo na tupa. Tulipiga picha, tukaandika taarifa, tukapeleka. Masika ilipokwisha nilikwenda kumtembelea kijana mmoja upande wa mashariki wa Uluguru. Nilimkuta analima vibarua. Nilipomuuliza habari za useremala, aliingia ndani akatoka na msumeno umefungwa kwenye mfuko wa sandarusi. Ulikuwa mwekundu kwa kutu, na meno ya katikati yamekatika kwa kuangukiwa na nyundo. Aliniambia, "Mratibu, niliuficha vizuri usinyeshewe." Hakuwa mvivu wala mzembe. Sisi tuliompa msumeno hatukumwonyesha mahali pa kuuweka, na katika bajeti yetu jambo hilo halikuwamo. Kosa lile nalihesabu kuwa langu.

Kutu inatoka wapi?

Chuma hupata kutu kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Hapa kwetu maji hayakosekani. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima yetu na kumwaga mvua upande wa mashariki, ambako hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa Mgeta mvua ni kidogo zaidi, lakini kuna ukungu na baridi ya usiku. Chuma kikipoa kuliko hewa inayokizunguka, umande hutua juu yake hata kama paa halivuji. Ndiyo maana fundi hulala msumeno ukiwa mkavu na kuamka ukiwa na jasho.

Mambo manne huongeza madhara haya katika karakana zetu za nyumbani:

1. Kuegemeza msumeno kwenye ukuta wa udongo au tofali mbichi. Ukuta hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuupitisha kwenye chuma.

2. Kuuacha na unga wa mbao mbichi. Unga ule umejaa maji, na usiku mmoja unatosha kuacha madoa.

3. Kuufunga kwenye sandarusi. Sandarusi huzuia mvua isiingie, lakini pia huzuia unyevu uliomo usitoke. Hilo ndilo lililompata yule kijana.

4. Kuuchanganya na vifaa vingine kwenye gunia au sanduku moja. Jino la msumeno likigongana na nyundo au randa linapinda au kukatika. Msumeno wenye meno yasiyolingana huenda upande, na fundi huulaumu mkono wake bure.

Kabati la misumeno

Dawa yake ni kabati dogo la ukutani ambalo fundi yeyote anaweza kulitengeneza kwa siku moja kwa mabaki ya mbao. Nawapa vipimo vya kabati la misumeno mitano, kwa misumeno ya kawaida ya inchi 26.

Kata mbao mbili za pembeni, kila moja urefu sentimita 85 na upana sentimita 22. Ubao wa chini na wa juu uwe na urefu wa sentimita 40. Nyuma funika kwa plaiwudi nyembamba au mbao nyepesi. Kwenye ubao wa chini toboa matundu machache kwa keekee ili hewa ipite, na upigilie ukingo wa sentimita 3 upande wa mbele ili mipini isiteleze na kuanguka.

Sasa weka ubao mmoja wa kulala, upana sentimita 10, ugusane na mgongo wa kabati, sentimita 35 kutoka chini. Kabla ya kuupigilia, ukate mifereji mitano kuanzia ukingo wake wa mbele, kila mmoja kina cha sentimita 6. Kati ya mfereji na mfereji acha sentimita 7, kusudi mkono upate nafasi ya kushika mpini. Mifereji ikate kwa msumeno wako wenye meno makubwa, kisha ipanue kidogo ili meno yasikwaruzwe wakati wa kuingiza na kutoa.

Msumeno husimama mpini ukiwa chini na ncha ikiwa juu, ukiwa umeingia kwenye mfereji. Meno yatazame nyuma, na mgongo ukutazame wewe. Hivyo anayenyoosha mkono hakutani na meno. Kipimo cha sentimita 35 nimekichagua kwa sababu hata ule msumeno mfupi wenye mgongo mzito, wa kukatia ndimi za maungio, hufika kwenye ubao na kushikwa. Ungeupandisha ubao hadi katikati ya kabati, msumeno huo ungebaki bila mshiko.

Mlango uwe wa mbao nyepesi wenye matundu juu na chini, na uwekwe kufuli. Msumeno mzuri unauzika haraka, na karakana nyingi za nyumbani ni baraza tu lisilo na ukuta wa mbele.

Kulitundika

Ukuta wa tofali mbichi haushiki skrubu. Kwa hiyo funga kabati kwenye nguzo ya nyumba, au lining'inize kwenye boriti kwa waya imara. Kama ukuta ni wa saruji, weka kwanza vipande viwili vya mbao vya unene wa sentimita 3 kati ya kabati na ukuta, ili hewa ipite nyuma. Lisiguse ardhi kamwe, kwa sababu ya mchwa. Chini ya kabati pawe angalau sentimita 120 kutoka sakafuni, kwa kuwa karakana ya nyumbani ndiyo pia uwanja wa watoto.

Kwa fundi anayetembea na vifaa vyake, kuna njia rahisi zaidi. Chukua mwanzi mkavu wenye urefu wa meno ya msumeno, upasue ufa mmoja kwa urefu wake, kisha uuvike kwenye meno na kuufunga kwa kamba. Mianzi tunayo tele. Mpira wa baiskeli uliopasuliwa nao unafaa, mradi msumeno ukaushwe kwanza.

Na kila jioni, kabla ya kuurudisha, fundi apanguse unga wote na kupitisha kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta machafu ya injini yasitumike, maana yatapaka mbao ya mteja. Kazi hii haizidi dakika mbili.

Vifaa vinavyotunzwa hudumu

Wengine wataniuliza kama kweli sanduku linaweza kuokoa msumeno. Nawapa mfano mmoja. Mwaka 1796 huko Uingereza, kijana seremala aitwaye Benjamin Seaton alinunuliwa na baba yake seti ya vifaa. Mwaka uliofuata alitengeneza sanduku la kuvihifadhi. Sanduku lile na vifaa vyake viko katika jumba la makumbusho mjini Rochester, zaidi ya miaka 200 baadaye. Ni kweli kwamba vifaa vile havikutumika sana, lakini chuma kisichotumika nacho huoza kikikosa mahali pakavu.

Wahisani wetu wanaijua kazi hii kwa upande mwingine. Shirika la Tools for Self Reliance la Uingereza, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, limekusanya vifaa vya mkono vilivyotumika, na watu wa kujitolea wakaviondoa kutu na kuvinoa ili vitumwe kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwamo. Fikirini saa ambazo mtu ametumia kusugua msumeno mmoja hadi ung'ae, halafu masika moja ya Kinole iurudishe ulikotoka.

Maombi yangu

Kwa kamati za sharika: msigawe vifaa siku ya mahafali. Kabati liwe kazi ya mwisho ya mafunzo. Kila mwanafunzi alitengeneze mwenyewe, mkaguzi alipime, ndipo akabidhiwe misumeno ikiwa imesimama ndani yake. Atakuwa ameonyesha ufundi wake na utunzaji wake kwa mara moja. Na baada ya masika mtembeleeni mkafungue mlango wa kabati, msiishie kuuliza tu kama hajambo.

Kwa wahisani: mnapopokea andiko la kuomba vifaa, tafuteni mstari wa mahali pa kuviwekea na mstari wa tupa za kunolea. Msipouona, ulizeni. Taarifa isemayo kwamba vifaa vimegawiwa haiwaambii kama vinafanya kazi.

Kwa vijana mafundi: msumeno ni shamba lenu. Kitunze kikutunze.

Yule kijana tulikaa naye siku nzima. Tulisugua kutu kwa msasa na mafuta, tukayasawazisha meno kwa tupa, tukayanoa na kuyapanua upya. Yale yaliyokatika hatukuweza kuyarudisha siku ile, lakini msumeno ulikata. Mbao ya kwanza aliyokata nao ilikuwa ya pembeni mwa kabati lake.