Kibao cha 50 na Sisi Tunaouza Kando ya Lami



Mmetuuliza kama kile kibao cha 50 pale mnapoingia sokoni kinasaidia kitu. Jibu letu ni kwamba kibao peke yake hakimzuii mtu. Dereva huzuiwa na hofu ya kwamba leo atashikwa, au na tuta lililo mbele yake, au na abiria wasionyamaza.

Kwanza tuuelewe mwendo wenyewe. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Likienda 50 ni mita 14. Mtoto akitokea ghafula, dereva hupoteza kama sekunde nzima kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Zile mita 8 za tofauti ndizo za mtoto. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kugonga huwa mara nne. Na hapa Kenya kundi linalopoteza watu wengi zaidi barabarani ni sisi tunaotembea kwa miguu.

Wengi mnakumbuka Februari 2004. Waziri wa uchukuzi wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru kila matatu iwe na spidi gavana isipite 80, na kila abiria afunge mkanda. Siku za kwanza matatu nyingi hazikuonekana, watu wakatembea kwenda kazini wakinung'unika. Lakini kweli nidhamu ilikuja. Baadaye mafundi wakaanza kuzichezea zile gavana, na ukaguzi ukawa wa kitu kidogo. Sheria ilikuwa palepale. Kilichopungua ni uhakika wa kushikwa.

Askari naye hawezi kusimama kila soko. Akisimama, madereva huwashiana taa. Wakishampita tu, ni moto tena. (Na yule asiyehama mahali pamoja mwaka mzima, jamani, analinda barabara au mfuko?)

Kuna jambo ambalo limepimwa hapa kwetu. Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibandika ndani ya matatu vikaratasi vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza gari. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011, madai ya bima ya matatu hizo yalipungua kwa nusu na zaidi. Sasa nyinyi akina mama mnaosafiri kumi pamoja na nyanya zenu, mbona mnanyamaza? Makanga atawacheka, ndiyo. Semeni kwa pamoja, maana akisema mmoja hutukanwa.

Tuta nalo halichukui hongo. Lakini msilijenge wenyewe kwa mawe. Tuta lisilo na alama humuua mtu wa bodaboda usiku. Andikeni barua, KeNHA kama ni barabara kuu, KeRRA kama ni ya mashambani, na nakala kwa chifu. Tajeni mahali, walioumia na tarehe, na watoto wangapi huvuka asubuhi.

Na meza zirudi nyuma. Tunajua wateja wako karibu na lami. Lakini tarehe 30 Juni 2023, pale njiapanda ya Londiani, lori liliacha njia likaingia kwa wafanyibiashara na watu waliokuwa stendi. Walikufa zaidi ya 50. Lori likishamshinda dereva, kibao hakina kazi.

Basi, nani atashika daftari Jumatatu asubuhi ahesabu watoto pale shuleni? Tunahitaji wawili. Mama aliyeinua mkono kule nyuma, karibu, tunakusikia.