TUSIHAMISHE MADA KIMYAKIMYA
Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Kaloleni, Voi



Tumezoea kuulizana mkutano uliamua nini. Leo twaomba tuulizane kwanza: uliitwa kwa jambo gani?

Hapa kwetu neno la maji huzaa neno la ndovu, la ndovu huzaa la mpaka wa Tsavo, na la mpaka huzaa la hati za mashamba. Yote yana haki ya kusemwa, na kuhama mada si kosa. Kosa ni kuhama kimyakimya. Mtu aliyekuja kwa ajili ya maji akaondoka mapema, kisha kesho akasomewa kuwa aliafiki habari ya ardhi, ameibiwa sauti yake.

Nchi yetu imeyaona haya. Aprili 1997, mkutano wa Limuru ulidai mageuzi ya katiba yaongozwe na wananchi. Kufikia Septemba, wabunge wa IPPG walikuwa wamepatana juu ya marekebisho machache kabla ya uchaguzi wa Desemba 29. Faida ilikuwapo: machifu walipunguziwa mamlaka, na leseni ya mkutano ikageuka kuwa taarifa tu kwa polisi. Lakini jina lilibaki "mageuzi" ilhali jambo lilikuwa limehama, na katiba mpya ikangoja hadi Agosti 27, 2010.

Vivyo hivyo, Sheria ya Fedha ya 2023 iliongezewa vifungu baada ya wananchi kutoa maoni. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Julai 2024. Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Oktoba. Basi ngao yetu isingojewe mahakamani. Ianzie vikaoni mwetu.

Anayetaka kuhamisha mada amwombe mwenyekiti, aitaje mada mpya kwa jina lake, na aseme imetokana na ipi. Mwenyekiti awaulize wajumbe: tuijadili sasa, au tuipangie siku? Katibu aandike ya kwanza ilipoachwa, kisha aanze kichwa kipya na majina ya waliobaki. Tukirudi kwenye maji, turudi kwa kutangaza.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na sauti ya mwananchi ni mali.