Embulbul: Maji Yalishabinafsishwa

Msikilizaji, kila ukizuka mjadala wa kubinafsisha maji, wakubwa hubishana kana kwamba jambo lenyewe bado liko njiani. Nenda Embulbul, Kaunti ya Kajiado, kabla hujafika mjini Ngong, uwaulize wenye mikokoteni ya maji. Huku maji yalibinafsishwa zamani, bila zabuni, bila mkataba, na bila mwekezaji wa kigeni wa kulaumiwa.

Tupige hesabu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mtungi ukiuzwa shilingi 20, uniti hiyo imefika shilingi 1,000. Wewe mwenye mfereji nyumbani, toa bili yako ulinganishe. Mpangaji wa chumba kimoja ndiye anayelipa bei ya bwanyenye.

Tumefikaje hapa? Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Ploti zilikatwa Ngong, Rongai na Kitengela, nyumba za kupangisha zikapanda ghorofa juu ya ghorofa, mabomba yakaachwa nyuma. Bomba kuu hugharimu pesa nyingi na kurudisha polepole. Kisima chenye pampu hurudisha upesi, na bauza, lori la kubeba maji, hata upesi zaidi. Siasa nayo ina hesabu yake. Kisima kipya huzinduliwa kwa utepe na picha. Bomba linalovuja likizibwa, nani atapiga picha? Tena kiongozi hupenda kujisifu kuwa amezuia bei ya maji ya bomba isipande. Anayefaidi ni yule ambaye bomba limeshamfikia. Kampuni ya maji hukosa pesa za kupeleka bomba mbele, na aliye mbele hununua mtungi.

Kenya haikuuza maji yake waziwazi. Wafadhili, Benki ya Dunia ikiwa mstari wa mbele, walitaka yaendeshwe kibiashara, na Sheria ya Maji ya 2002 ikaleta kampuni za maji pamoja na mdhibiti, WASREB. Ndiyo maana Ngong, Kiserian na Rongai zina Oloolaiser: jina ni kampuni, mali ni ya umma.

Majirani zetu Tanzania walikwenda mbali zaidi. Kubinafsisha maji ya Dar es Salaam kuliambatana na masharti ya mikopo na msamaha wa madeni. Agosti 2003, City Water, kampuni ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya Tanzania, ikapewa kazi kwa miaka 10. Makusanyo yakashuka chini ya yale ya shirika la serikali lililotangulia. Mei 2005, Waziri wa Maji Edward Lowassa akatangaza kuvunja mkataba. Kesi ikafika kwa wasuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2008 wakasema Tanzania ilikiuka haki za mwekezaji, lakini Biwater hawakulipwa fidia hata senti. Muda wote huo, maskini wa Dar walikuwa wakinunua maji kwa madumu.

Kwa hiyo sitamlaani mwenye kisima. Bila yeye, Embulbul ingelala na kiu. Ila akumbuke jambo moja: Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji ni za taifa, serikali kuu imezishika kwa niaba ya wananchi. Kuwa na hati ya ploti hakukufanyi mmiliki wa maji yaliyo chini yake. Kuchimba kunahitaji kibali. Na sehemu kadhaa za Kajiado maji ya ardhini yana floridi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Hiyo ndiyo huwaachia watoto meno ya kahawia. Anayeuza maji kwa mtaa mzima hawezi kuachwa ajipimie mwenyewe.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Basi kaunti itakapoita kikao cha maoni kuhusu bajeti, usiende kuomba kisima kingine. Itisha orodha ya visima vyenye kibali, matokeo ya kupimwa floridi, na tarehe ambayo bomba litafika Embulbul. Wakikosa majibu, waambie waandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba wamekosa.