Mpira wa Kikapu kwa Vijana wa Asembo Bay

(Hotuba iliyotolewa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Kamati imeniagiza nieleze shauri lililoletwa na vijana wetu, nalo ni kuanzisha mpira wa kikapu hapa Asembo Bay. Najua wapo kati yenu wanaojiuliza kwa nini chama cha kusaidiana, chenye kazi ya kuzika wafu wake, kuwatazama wajane na kulipa karo za watoto, kijishughulishe na mchezo. Swali hilo ni la haki, na yanipasa kulijibu kabla sijaomba chochote.

Sote twayajua maisha ya ufuo huu. Mashua za omena huenda ziwani usiku na taa zao, na kijana mwenye nguvu za mikono hakosi nafasi ndani yake. Akirudi alfajiri ana fedha mfukoni, na masomo huonekana kwake jambo dogo. Wengine huvutwa na kazi ya bodaboda. Kwa binti zetu hatari ni kubwa zaidi, maana iko ile desturi mbaya iitwayo jaboya, ambayo kwayo mwanamke mwenye shida hutakiwa autoe mwili wake ndipo auziwe samaki. Msichana anayezoea kukaa ufuoni jioni bila shughuli huingizwa katika mambo hayo kidogo kidogo, na wazazi hupata habari maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Karo tunayolipa humsaidia mtoto ambaye bado yuko shuleni. Haimfikii yule ambaye moyo wake umekwisha kuondoka. Huyo ahitaji mahali pa kwenda wakati wa jioni, mtu mzima anayemjua kwa jina, na wenzake watakaouliza yuko wapi asipoonekana. Sisemi kwamba mchezo utaondoa umaskini. Nasema kwamba utatupa saa moja na nusu ya kukaa karibu na watoto wetu, siku kadhaa za juma, na wakati huo leo hatunao.

Mtauliza, kwa nini mpira wa kikapu, hali kandanda tunayo? Kandanda twaipenda, na sidhani kuna boma hapa lisilolijua jina la Gor Mahia, timu iliyoanzishwa mwaka 1968. Lakini kandanda hudai kiwanja kikubwa, na mara nyingi wavulana wakubwa hukishika chote, wadogo na wasichana wakabaki kutazama. Mpira wa kikapu hutosheka na mahali padogo. Ulianzishwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, katika mji wa Springfield, Marekani. Alitafuta mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Alipigilia vikapu viwili vya matunda ukutani, kimo cha futi 10, akatumia mpira wa kandanda. Kila mpira ulipoingia, ilipasa mtu apande kuutoa. Kimo hicho, yaani mita 3.05, ndicho kinachotumika hata leo.

Tena, siku hizi kuna namna ya kucheza watatu kwa watatu. Hutumia nusu ya uwanja na kikapu kimoja tu, na mchezo huisha kwa dakika 10, au timu moja ifikishapo pointi 21. Namna hiyo iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, kwa hiyo mtu asidhani kwamba ni mchezo wa kubahatisha. Wala si jambo geni kwetu Nyanza, kwa maana shule kama Maseno na Onjiko zimejulikana kwa mpira wa kikapu.

Sasa tutazame mifano miwili ya karibu. Tarehe 16 Julai 2018, huko Nyang'oma Kogelo, katika kaunti yetu hii hii ya Siaya, kilifunguliwa kituo cha Sauti Kuu, kilichoanzishwa na Dk. Auma Obama. Aliyekifungua ni ndugu yake, Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani. Kiwanja chake cha mpira wa kikapu kilijengwa kwa msaada wa Giants of Africa, shirika la Bwana Masai Ujiri. Gharama za kazi ile ni kubwa kuliko uwezo wetu, na haitufai kuota kwamba tutajenga kama wao. Lakini jambo moja twaweza kuliiga. Pale Kogelo kiwanja hakikuwekwa peke yake, bali karibu nacho mna maktaba na mafunzo ya kazi. Mtoto huja kwa ajili ya mpira, akakuta na kitabu.

Mfano wa pili ni wa Mathare, Nairobi. Mwaka 1987 lilianzishwa shirika la michezo ya vijana liitwalo MYSA, katika mtaa wa watu maskini uliojaa takataka. Wao walichagua kandanda, lakini kanuni yao yafaa mchezo wowote: timu ilipata alama kwa kushinda, na tena ilipata alama kwa kusafisha mtaa. Timu iliyokataa kushika ufagio haikuweza kuongoza ligi. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Mathare United, iliyokuwa bingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Watu wa Mathare hawakungoja wawe na mali ndipo waanze. Walianza na utaratibu.

Hilo, Wazee wangu, ndilo jambo kubwa la hotuba yangu. Wako wanachama wenye nia njema wanaosema tungoje miaka mitatu, tukusanye fedha, tujenge uwanja kamili wa saruji, wa mita 28 kwa 15. Naomba kuwapinga kwa heshima. Saruji isiyo na mwalimu itakuwa mahali pa kuanikia omena. Fedha zetu za kwanza na ziwekwe kwa watu na kwa kanuni, na saruji ifuate watoto wakisha kuzoea kuja. Shauri la Kamati ni hili:

Kwanza, mahali. Tuombe pembe ya kiwanja cha shule ya msingi, kwa mapatano yaliyoandikwa kati ya halmashauri ya shule na Chama. Shule ina choo, maji na uzio. Tutashindilia udongo wa kichuguu uliochanganywa na changarawe laini, na kuuinamisha kidogo ili maji ya mvua yapite.

Pili, vifaa. Mafundi wetu wa kuchomelea vyuma waweza kutengeneza nguzo na duara la chuma, ambalo upana wake wa ndani ni sentimita 45. Nguzo ichimbiwe chini sana na kumiminiwa zege, isimame nje ya mstari, na kufungwa matairi makuukuu ili mtoto asiumie. Jambo hili lisifanyiwe mzaha, maana nguzo iliyosimamishwa vibaya yaweza kumwangukia mtoto na kumwua. Kwa watoto wadogo tuweke kikapu cha pili, cha kimo cha mita 2.60. Mipira iwe ya raba, kwa kuwa ile ya ngozi haidumu juu ya changarawe: namba 5 kwa wadogo, 6 kwa wasichana na 7 kwa wavulana. Itunzwe sandukuni, na kila utokapo mpira liwekwe jina daftarini.

Tatu, watu. Wachaguliwe walimu wawili, mwanamume na mwanamke, nao wapewe posho ndogo kila mwezi, maana kazi ya bure huchoka upesi. Mtoto asiachwe peke yake na mwalimu yeyote. Mama wawili na wazee wawili wapewe zamu ya kuhudhuria kila juma.

Nne, wakati. Wasichana wapewe siku zao wenyewe, Jumatatu na Jumatano, nao wavulana Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu, ili kila binti afike kwao kabla ya giza. Jumamosi iwe siku ya mashindano, na kabla ya mashindano timu zote zisafishe soko na ufuo, nazo zipate alama kwa kazi hiyo. Na wale wavulana waliokwisha kuingia katika mashua tusiwasahau. Wakati wa mbalamwezi taa haziwavuti omena, na mashua hupumzika. Tena, kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Mashindano makubwa na yawekwe siku hizo, ili nao waje.

Neno moja la kuonya. Tusiwaahidi watoto Marekani. Ni kweli kwamba Hasheem Thabeet, mwana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 kuingia ligi kuu ya huko, na kwamba marehemu Dikembe Mutombo wa Kongo, kwa mali aliyoipata mchezoni, alijenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka 2007. Habari hizo ni njema kusimuliwa. Lakini waliofika huko ni wachache mno, na mtoto aliyeahidiwa ndege huona aibu kubaki nyumbani. Tumwahidi lile tunaloliweza: mchezo wa haki, mwalimu anayefika kwa wakati, na watu wa kwao wanaomtazama.

Basi, twaomba mambo matatu. Chama kitoe sehemu ya kumi ya michango ya mwaka huu kwa kazi hii, bila kugusa mfuko wa karo wala wa mazishi. Wanachama wa mijini walete mipira na viatu. Nanyi Wazee mje kukaa kando ya kiwanja, kwa sababu mtoto hujua ni jambo gani la maana kwa kuona wazee wameketi wapi.

Mwaka ujao katika mkutano kama huu tutaleta hesabu: waliojiandikisha ni wangapi, wasichana wangapi, na wangapi kati yao wangali shuleni. Hesabu ikiwa mbaya, mtakuwa na haki ya kuifunga kazi hii. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na mashua yetu hii haijawekewa hata ubao wa kwanza. Bwana Mwenyekiti, naomba shauri hili lipigiwe kura leo.