Mlango wa baraza uko wazi, midomo imefungwa

(Mazungumzo na wakulima wa kahawa wilayani Kyerwa)



Nianze na kisa. Mwaka mmoja nilikwenda kusikiliza kikao cha baraza la madiwani. Halmashauri siitaji. Tulikaa viti vya nyuma, watu kama kumi na watano. Mbele waheshimiwa wamekaa na majoho yao. Mara mama mmoja mkulima akasimama: "Mheshimiwa mwenyekiti, ushuru wa kahawa yetu unakwenda wapi, mbona zahanati haina hata maji?" Akaambiwa akae, wasikilizaji hawana ruhusa ya kusema. Akakaa. Diwani wake alikuwepo pale pale, anapekua makaratasi.

Ndugu zangu, yule mwenyekiti hakuvunja sheria, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kikao cha baraza ni cha wazi, mwananchi anayo haki ya kuingia. Lakini wasemaji ni madiwani. Sisi tuna masikio tu. Basi mdomo wetu uko wapi?

Mdomo wetu uko kijijini. Sheria Na. 7 ya 1982, ile iliyorudisha halmashauri baada ya kufutwa mwaka 1972, inasema mkutano mkuu wa kijiji ndiyo mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Siyo mwenyekiti, siyo mtendaji. Ni ninyi, kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Mkutano huo unatakiwa ukae angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Sasa niulize, nani hapa amesikia hesabu zikisomwa mara nne katika mwaka mmoja? Naona mnacheka. Mkicheka mjue mnajicheka wenyewe, maana mkutano ukiitwa tunasema tuna shughuli, pombe ya ndizi ikiiva tunapata nafasi.

Tuje kwenye kahawa, maana ndiyo inayosomesha watoto wetu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na kisheria anayelipa ni mnunuzi. Hesabu ni rahisi: kahawa ya shilingi 1,000,000 inatoa ushuru wa shilingi 30,000. Zidisha kwa magunia yote yanayotoka Nkwenda, Kaisho, Mabira na Isingiro. Sisemi kuna mtu kala. Nasema tuonyeshwe. Na kama mnunuzi anakata ushuru huo kwenye bei ya mkulima, basi aliyelipa ni nani?

Halafu kuna butura. Mnaijua kuliko mimi: mtoto kafukuzwa ada, mzee anauza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na mavuno yakija gunia ni la mwingine. Wengine wanasubiri usiku, kahawa inavuka Mto Kagera kwenda Uganda. Viongozi wanasema magendo, wanaweka vizuizi. Lakini ng'ambo mkulima anaondoka na fedha mkononi. Huku, tangu serikali ilipoagiza mwaka 2018 kahawa yote ipite kwenye ushirika, mwenye shida ya leo akiambiwa asubiri malipo atafanya nini? Swali hilo halijibiwi na askari. Linataka kujibiwa barazani, na kuna fungu la kuanzia. Sheria inaitaka halmashauri itoe asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kama mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi vyetu vimepata kiasi gani? Kingeokoa mashamba mangapi na butura?

Wazee mnakumbuka, kabla ya mwaka 2012 Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, mtu wa Murongo akitaka kusikiliza baraza safari ni mpaka Kayanga. Tulidai wilaya tukapata. Ofisi zimesogea karibu, lakini swali halitembei lenyewe.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Swali liulizwe kwenye mkutano wa kijiji, na msiondoke mpaka mmeliona limeandikwa kwenye muhtasari. Kutoka hapo liende kamati ya maendeleo ya kata, ambako mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe, hawezi kusema hakulisikia. Nakala apewe mkononi, mbele ya watu, mapema kabla ya kikao. Halafu siku ya baraza twendeni wengi, tukae kimya kama sheria inavyotaka, tumtazame.

Mimi nitakuwa kiti cha nyuma. Nataka nimsikie akisoma swali la yule mama.