Wino na Karatasi Uvira

Tunapenda kuwaeleza jinsi kikundi cha vijana tunachokisindikiza hapa Uvira kilivyoanzisha kazi ya kuchapisha.

Kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Julai 2006, mwenye kutaka mabango mazuri alivuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura. Vijana hao walianza na fremu ya mbao, kitambaa chembamba kilichowambwa juu yake, na kipande cha mpira cha kusukumia wino. Shati moja, rangi moja. Harusi, matanga na mashule ndivyo vilivyowalisha, wala si mashirika kama letu, ambayo huja na kwenda kama mvua. Baadaye wakanunua kompyuta, wakawa wanafanya kazi usiku, umeme unaporudi.

Wakati wa kampeni moja waliletewa karatasi ya kutukana jamii nyingine, bila jina la mwandishi, malipo taslimu. Walibishana sana, maana ndani ya kikundi wamo Wavira, Wafuliiru, Wabembe na Wanyamulenge. Wakakataa. Mteja alikwenda kwingine, na kodi ya duka mwezi ule ilipatikana kwa shida. Hadi leo hawachapishi karatasi isiyo na jina la aliyeiandika.

Mwaka 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi wa Aprili mto Mulongwe ukafurika, ukabeba nyumba na watu. Kwa wino uliobaki walichapisha matangazo ya kuchemsha maji ya kunywa, yakabandikwa hadi Kalundu.