Picha Iondoke na Mwenye Sura: Kupanga Mradi wa Wanafunzi wa Picha za Studio Juba



Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga mradi wa wanafunzi wa picha za studio. Mipango mingi ya aina hii huanza na kamera: zipo ngapi, zina lenzi gani, taa zitaazimwa kwa nani. Napendekeza tuanzie mwisho, kwenye karatasi iliyochapishwa. Mradi ukiisha, picha itakuwa mkononi mwa nani? Mtu aliyeacha kazi zake, akavaa nguo yake nzuri, akaja kukaa kwenye kiti chetu, ataondoka na nini? Tukilijibu swali hilo mapema, maamuzi ya chumba, mwanga, fedha na ratiba yatatokana nalo.

Kwa nini studio? Kila aliyewahi kutoa kamera barabarani hapa Juba anaijua sababu ya kwanza. Bila kibali, picha ya soko, ya daraja au ya jengo la serikali inaweza kumfikisha mtu pabaya, na mwanafunzi anayeanza hapaswi kujifunza kazi hii huku anatazama nyuma. Lakini hata barabara zingekuwa wazi, bado ningechagua chumba. Anayeingia studio amekuja kwa miguu yake. Ndiye anayeamua avae nini, aje na nani, acheke au anune.

Hiari hiyo haikuwapo siku zote katika eneo hili. Mwaka 1878 Mwaustria Richard Buchta alifika Lado, si mbali kaskazini ya hapa, akawapiga picha Wabari na majirani zao. Picha zake ni miongoni mwa za kwanza kabisa kupigwa katika sehemu hii ya Nile, na ni hazina kwa wanahistoria. Ila nyingi zinataja kabila la mtu na kuliacha jina lake. Waliopigwa hawakuagiza picha hizo, na zilikwenda Ulaya.

Studio za biashara za Afrika Mashariki zilianzisha utaratibu mwingine. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, katika studio ya Parekh, walipigwa maharusi na marafiki. Kule mteja alilipa, akaamuru, akachukua picha yake akaenda kuitundika sebuleni. Mradi wa wanafunzi wetu ufuate utaratibu huu wa pili, ingawa hakuna atakayelipishwa.

Mfano ninaoutaka zaidi uko karibu nasi, kwenye barabara ya Nimule, ukivuka mpaka ukaendelea hadi Gulu. Mpiga picha wa Italia, Martina Bacigalupo, alikuta katika Gulu Real Art Studio, studio kongwe ya mji huo, rundo la picha zilizokatwa uso. Kila moja ilionyesha mwili mzima wa mtu aliyekaa mbele ya pazia, mikono magotini, na mahali pa kichwa pana tundu la mstatili. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Mashine ya picha za kitambulisho ilitoa nne kwa mkupuo, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Ilikuwa nafuu kupiga picha ya kawaida, kuchapisha, kisha kukata uso peke yake. Mteja aliondoka na uso, mabaki yakabaki studio. Bacigalupo aliyakusanya, na kitabu chake kikatoka mwaka 2013.

Ukiyatazama mabaki hayo kwa makini, unawaona watu bila nyuso zao. Kuna mama aliyepakata mtoto, kuna mikono iliyochoka kwa jembe, kuna koti moja la suti linalorudi kwa watu tofauti, kubwa kwa huyu, dogo kwa yule, kwa sababu maombi ya kazi au ya mkopo yalitaka mtu aonekane nadhifu kuanzia mabegani. Ofisi ilihitaji uso tu. Maisha yote ya mtu yalibaki kwenye kipande kilichotupwa.

Nimeueleza mfano huu kwa kirefu kwa sababu Juba ni mji wa pasipoti saizi. Cheti cha uraia, kitambulisho, fomu ya shule, kadi ya kazi, kila kimoja kinadai uso kwenye karatasi nyeupe. Wakazi wengi wa hapa wamepigwa picha mara nyingi na ofisi, na mara chache sana kwa ajili yao wenyewe. Tena, familia zilizokimbia vita mwaka 2013 na 2016 ziliacha nyumba na albamu zake. Wapo watu wazima mjini hapa wasio na hata picha moja ya wazazi wao. Kwa hiyo sharti la kwanza la mradi liwe hili: kila anayekaa apewe picha mbili zilizochapishwa, zinazoonyesha mwili kuanzia kichwani hadi miguuni au angalau hadi magotini, moja ya kwake na moja ya kumpelekea amtakaye. Akitaka na pasipoti saizi, apigwe pia. Itamsaidia, na itamfundisha mwanafunzi tofauti ya kazi hizo mbili.

Sharti hili linabadilisha bajeti mara moja. Wino na karatasi vinakuwa gharama ya kwanza, kabla ya taa. Nashauri bajeti ihesabiwe kwa idadi ya picha zitakazochapishwa, kwa kuwa bei kwa pauni yetu hubadilika kabla mradi haujaanza. Karatasi zinunuliwe zote mwanzoni, na idadi ya watu watakaoalikwa ipimwe kwa karatasi zilizopo. Afadhali watu wachache waondoke na picha zao kuliko umati ulioahidiwa na ukasahauliwa.

Sasa pazia la nyuma. Wanafunzi huulizia karatasi maalumu za studio, zile za kuviringishwa, na wakizikosa hukata tamaa. Mpiga picha wa Mali, Seydou Keïta, alipofungua studio yake Bamako mwaka 1948, pazia lake la kwanza lilikuwa shuka ya kitandani mwake. Alilibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, na baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia kukumbuka picha ipi ni ya mwaka gani. Sisi tuna milaya. Mama zetu wa Sudan Kusini hutarizi shuka hizi kwa mkono, maua, ndege, majani, na waliokimbilia kambi za Uganda waliendelea kuzitarizi huko. Milaya nyuma ya mtu inasema ametoka wapi bila kuandika chochote. Nami ningependa kila anayealikwa aambiwe kwamba akiwa na milaya ya nyumbani anaweza kuja nayo. Atong Atem, msanii wa asili ya Sudan Kusini anayeishi Melbourne, alianza mfululizo wake wa Studio Series mwaka 2015 kwa kuwaweka vijana wenzake katikati ya vitambaa vya maua na rangi kali, akijifunza kwa Keïta na Mmali mwenzake Malick Sidibé. Kazi yake inafaa kuonyeshwa darasani wiki ya kwanza. Wanafunzi wataona kwamba kitambaa chenye fujo hakimmezi mtu ikiwa nguo na mkao vimefikiriwa pamoja nacho.

Kwenye mwanga nitakaa zaidi, maana hapo ndipo vitabu vinapotuangusha. Vingi viliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe na jua la Ulaya.

Tuanze na jua. Vitabu hivyo hushauri dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa kule jua halipiti upande huo. Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini mwa Ikweta. Kuanzia mapema Aprili hadi mapema Septemba, jua letu la mchana liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Basi mradi ukifanyika kiangazi, Januari au Februari, dirisha au mlango wa kaskazini unafaa. Ukifanyika kwenye mvua, Juni au Julai, hamia upande wa kusini. Tangu Februari 2021, nchi iliporudisha saa nyuma kwa saa moja, jua hufika kileleni karibu na saa sita kamili, kwa hiyo ratiba ni rahisi kukumbuka: saa mbili hadi saa nne asubuhi, mwanga ni mpole na chumba cha mabati hakijawa tanuri, na saa tisa hadi saa kumi na moja jioni mwanga hurudia upole wake, ingawa chumba bado kina joto. Mtu anayetokwa jasho hawezi kutulia, na hakuna lenzi ya kurekebisha hilo.

Angalieni pia mwanga unaotoka chini. Udongo mwekundu wa uani hurusha wekundu chini ya kidevu, na turubai la bluu hurusha ubluu mashavuni. Tandika shuka nyeupe mlangoni uone tofauti.

Nalitanguliza jua kwa kuwa umeme si wa kutegemea kila saa, na jenereta ya kukodi hula fedha za karatasi. Fleshi moja yenye betri nzuri inatosha kama akiba ya siku ya mawingu.

Kisha ngozi. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mweke mtu mweusi sana mbele ya ukuta mweupe, kamera itaogopa weupe wa ukuta na kumzamisha yeye gizani. Jaza fremu kwa uso wake, itamng'arisha hadi ngozi ifanane na majivu. Mwanafunzi azime upimaji wa kamera, aweke mwenyewe kasi ya shata na uwazi wa lenzi, ajaribu, atazame paji la uso na mifupa ya mashavu, arekebishe, kisha asiguse tena hadi jua lihame. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli. Chanzo kikubwa cha mwanga, kama mlango mzima uliofunikwa shuka nyembamba, huleta mng'ao mpana na laini. Fleshi ndogo isiyofunikwa huacha doa jeupe puani na kuficha mengine yote. Mwenye kukaa asogezwe mbele, hatua mbili kutoka kwenye pazia, nywele nyeusi zisipotee kwenye kitambaa cheusi.

Hapa pana jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha upigaji picha, nalo ni la kwetu. Wengi wa wazee wetu, na baadhi ya vijana, wana alama usoni: mistari sita ya gaar kwenye paji la Mnuer, safu ya vinundu kwenye paji la Mshilluk, mistari inayokutana katikati kwa baadhi ya Wadinka. Mwanga unaotoka pembeni huziinua alama hizo, kila mstari ukapata kivuli chake. Mwanga wa mbele, mpana, huzilaza zikaonekana kwa mbali tu. Mpiga picha anayependa uzuri wa ngozi atakimbilia mwanga wa pembeni bila kufikiri. Lakini tunaishi katika mji ambamo, vita vilipoanza Desemba 2013, lugha ya mtu na alama za uso wake zilitosha kumhukumu. Mzee mmoja atataka alama zake zionekane wazi, kwa kuwa ni heshima yake na kumbukumbu ya siku aliyoingia utu uzima. Mwingine atataka zisionekane kabisa, na hana haja ya kueleza sababu. Kwa hiyo mwanafunzi ampige picha mbili za majaribio, moja kwa kila mwanga, amwonyeshe kwenye skrini, amwache achague. Mimi nalihesabu hili kuwa sehemu ya ridhaa, sawa na sahihi.

Ridhaa yenyewe ielezwe kwa mdomo, kwa Kiarabu cha Juba au lugha ya mtu huyo, kabla ya fomu ya Kiingereza kutolewa. Maswali matatu yatenganishwe: Je, tukupige? Je, tuonyeshe picha yako ukutani? Je, tuiweke mtandaoni? Anayekubali la kwanza na kukataa mengine apewe picha zake kwa ukarimu uleule. Jina liandikwe kama mwenyewe anavyolitamka, la kwake, la baba na la babu ikiwa ndivyo anavyojitambulisha, na asomewe alisikie.

Mafaili yahifadhiwe kwenye diski mbili zinazolala nyumba tofauti. Nyaraka za taifa letu zilikaa miaka kadhaa ndani ya hema hapa Juba kabla ya kupata mahali pazuri zaidi, na tunajua maji na mchwa wanaweza kufanya nini. Daftari la karatasi litunzwe pia: tarehe, jina, pazia gani, mwanga upi, nani alipiga.

Kuhusu ratiba, wiki mbili za kwanza wanafunzi wapigane picha wao kwa wao, na kila mmoja akae kitini kabla ya kushika kamera. Mialiko ianze baada ya hapo, si zaidi ya watu wanne kwa asubuhi moja, kwa sababu mtu anahitaji muda wa kunywa chai na kuzoea chumba. Kuchapisha kufanyike wiki hiyohiyo. Maonyesho yapangwe mwisho, kwa picha za walioridhia tu, na wao wawe wa kwanza kuingia.

Katika kipindi cha mchana naomba tujigawe makundi matatu: moja likague vyumba viwili tulivyoahidiwa na kuona milango yake inatazama wapi, moja liandike yale maswali matatu kwa Kiarabu cha Juba, na moja lihesabu karatasi tunazoweza kununua ili tujue tuwaalike watu wangapi.